Nguvu ya Mfupa Haihamii Majini

Goti la kulia la mama yangu lilianza kumsumbua alipotimiza miaka 62. Akitaka kuinuka kigodani alishika ukuta kwanza; akifika ngazi ya pili ya baraza alisimama kupumua. Kabla hajaonana na daktari yeyote, mtaa ulikuwa umeshatoa jibu: ute wa goti umeisha. Dawa nayo ilijulikana hata na watoto: supu ya kongoro. Basi karibu mwaka mzima, kila Jumamosi, mmoja wetu alipita buchani kuchukua makongoro mawili yaliyokwisha kubabuliwa. Tuliyakwangua kwa kisu mpaka yakang'aa, tukayakata kwa shoka, tukayainjika juu ya mkaa tangu adhuhuri mpaka usiku. Kwetu Iringa usiku una baridi, kwa hiyo asubuhi supu ilikuwa imeganda sufuriani. Ukiigusa kwa kijiko inatikisika. Mama aliitazama kwa matumaini. "Ute huo, mwanangu," alisema. Aliamini, nami nikaamini pamoja naye.

Mwezi wa kumi na moja goti likavimba, likawa kama embe. Hospitalini daktari alilipapasa, akaingiza sindano pembeni ya pia ya goti, akavuta. Bomba la sindano likajaa maji ya manjano yanayovutika kidogo. Akabadilisha bomba, akavuta tena. "Mama," alisema, "hapa ute haujapungua. Umezidi." Mama alilitazama lile bomba kwa muda, kisha akanigeukia na kuniuliza taratibu, "Sasa mwaka mzima nilikuwa nakunywa nini?"

Swali hilo ndilo limenisukuma kuandika.

Supu ya mifupa, tunaambiwa, hurudisha ute wa magoti, huimarisha mifupa, huongeza damu, humpa nguvu mzazi na mgonjwa. Zamani maneno haya yalikaa kwenye vijiwe vya supu asubuhi, kati ya ndimu na pilipili. Siku hizi yamehamia kwenye simu, yanasambazwa na watu waliovaa makoti meupe, na pembeni yake kunauzwa makopo ya unga wa kolajeni. Ulaya na Marekani mchuzi huo huo wa mifupa unauzwa kwa kikombe kama tiba ya ngozi, utumbo na viungo. Ukiyachambua madai yote haya utakuta yamesimama juu ya nguzo moja: kwamba mfupa ukichemka saa nyingi, nguvu yake yote huhamia kwenye maji, na anayekunywa maji hayo ameipata. Nguzo hiyo haina msingi. Na kwa sababu tumeiegemea kwa muda mrefu, wamo watu katika nyumba zetu wanaokosa chakula huku sisi tukiamini tumewapa dawa.

Nianze na goti, maana ndilo linalotajwa zaidi. Ute wa goti unatengenezwa na utando mwembamba unaozunguka kiungo kwa ndani. Kinachoufanya uwe mzito na wenye kuteleza ni asidi ya hayaluroni, ambayo utando wenyewe huitengeneza. Kinachogandisha supu ya kongoro ni kitu kingine kabisa: ni jelatini, yaani kolajeni ya ngozi, kano na mifupa iliyolainishwa na moto. Vinafanana kwa kuteleza tu. Lakini mfanano huo ndio uliotuponza. Tukiona kitu kinavutika tunakipeleka gotini: kongoro, bamia, mlenda, ute wa yai. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na katika ugomvi wa watu huenda wakawa na haki. Mwili hautibiwi kwa mfanano. Kama ungetibiwa hivyo, mwenye upara angekula nywele.

Tena, hata kama jelatini ingekuwa ndiyo ute wenyewe, isingefika gotini ikiwa nzima. Ikishuka tumboni inakatwakatwa kama protini ya maharage au ya samaki inavyokatwa. Sehemu kubwa inakuwa asidi amino mojamoja. Nyingine hupita kwenye damu ikiwa minyororo mifupi. Mwili unachukua vipande hivyo na kuvitumia unapovihitaji: kwenye misuli, kwenye ngozi, kwenye kidonda cha kidole. Vipande hivyo havina barua inayosema vipelekwe kwenye goti la kulia la mama fulani.

Halafu tatizo la magoti ya wazee wetu wengi si ute kukauka. Ni kuchakaa kwa kiungo kizima: gegedu linalofunika ncha za mifupa linalika, mfupa ulio chini yake unabadilika, utando unachokozeka, na ukichokozeka unamwaga maji mengi kuliko kawaida. Ndiyo maana goti la mama yangu lilivimba. Mtaa ulimwambia amekauka, kumbe alikuwa amefurika.

Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute unaolizunguka, na ute huo huingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Kinacholibana na kuliachia ni mwendo. Mtu anayeambiwa ute umeisha huogopa kutembea, akidhani anasaga mfupa kwa mfupa. Anakaa. Misuli ya mapaja, ambayo ndiyo inayobeba goti, inanyong'onyea, uzito unaongezeka, goti linazidi kuuma, naye anaagiza kongoro jingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 kuhusu wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Hesabu hatua za kwenda kisimani na kurudi uone ni mzigo gani huo.

Anayetetea supu ataniuliza: mbona wako waliokunywa wakapona? Namjibu kwa heshima, maana najua hasemi uongo. Maumivu ya goti lililochakaa hupanda na kushuka yenyewe. Kuna mwezi mbaya na kuna mwezi wa nafuu. Mtu huanza supu katika mwezi mbaya, kwa kuwa ndipo anapotafuta dawa, na nafuu iliyokuwa njiani ikifika sifa inakwenda sufuriani. Mama naye alipata nafuu mwezi wa tatu, na tulishangilia. Mwezi wa sita alirudi kushika ukuta, na hatukuilaumu supu; tulisema hatujaichemsha vya kutosha.

Mtetezi mwenye elimu zaidi ataleta utafiti wa mwaka 2017, ambapo vijana wanane wenye afya walipewa jelatini yenye vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba. Walipopata gramu 15 walionekana kwenye damu kuwa na dalili za kutengeneza kolajeni zaidi. Utafiti huo ni wa kweli na ninauheshimu. Ila usomwe kama ulivyo: walikuwa vijana wazima, walipewa kiasi kilichopimwa, waliongezewa vitamini C, na waliruka kamba. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walipima supu za mifupa za aina mbalimbali, za nyumbani na za kununua, wakakuta kiasi cha asidi amino za kujengea kolajeni kinatofautiana mno kutoka sufuria moja hadi nyingine, na kwa kawaida ni kidogo kuliko kile kinachotumika katika tafiti. Kutoka hapo hadi kumwambia mama wa miaka 62 kwamba bakuli la asubuhi litamrudishia goti ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeitembea.

Tuje kwenye kalsiamu. Mfupa una kalsiamu tele, hilo halibishaniwi. Ndiyo inayoufanya uwe mgumu. Lakini ugumu huo huo ndio unaoifanya isitoke. Mwaka 1934, jijini London, McCance, Sheldon na Widdowson walipima mchuzi wa mifupa na mboga ambao watoto wadogo walikuwa wakipewa kama chakula cha kuwajenga. Walikuta kalsiamu yake ni ndogo sana ukiilinganisha na maziwa, na wakasema mchuzi huo hauna thamani kubwa ya lishe. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwan walirudia kazi ya namna hiyo. Waligundua kuwa asidi, kama siki, na kuchemsha kwa saa nyingi huongeza kalsiamu inayotoka, lakini katika supu za kawaida za nyumbani na za kununua mtu hapati hata asilimia 5 ya mahitaji yake ya siku. Ukitaka kula mfupa, ule mfupa wenyewe. Dagaa wa Kigoma na wa Ziwa Victoria wanaliwa na mifupa yao yote, kichwa mpaka mkia. Kiganja cha dagaa kwenye mchicha kinakupa kalsiamu ambayo sufuria zima la mifupa ya ng'ombe halitakupa.

Kosa hili la kudhani nguvu imo majini si letu peke yetu, na lilishawahi kuwagharimu wengine. Mwaka 1681 Mfaransa Denis Papin alichapisha kitabu kuhusu chungu chake cha kubana mvuke, kilichoweza kulainisha mifupa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wakaja wataalamu wa Paris, akiwamo d'Arcet, waliosema jelatini ya mifupa inaweza kuwalisha maskini na wagonjwa wa hospitali, na nyama ikatumika kwingine. Supu hiyo ikapikwa kwa mitambo na kugawiwa kwa watu wasio na uwezo wa kukataa. Malalamiko yalipozidi, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliunda kamati chini ya mwanafiziolojia François Magendie. Kamati ilifanya kazi karibu miaka kumi, na mwaka 1841 ikatoa ripoti: mbwa waliolishwa jelatini peke yake walikonda na kufa. Sababu ilikuja kueleweka baadaye. Jelatini ni protini yenye pengo. Haina kabisa triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wala kuishi bila kuipata.

Naileta habari hiyo ya Paris kwa sababu ya yale maneno: nyama ikatumika kwingine. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na hapo ndipo supu inapoacha kuwa jambo la magoti ya wazee tu.

Tazama tunavyopakua. Nyama imeiva. Vipande vinakwenda kwenye sahani ya baba na ya wageni. Mtoto wa miezi minane amepakatwa na mama yake, mbele yake kibakuli kidogo cha ugali laini ulioloweshwa mchuzi. Mama anapuliza kijiko, anaonja kwa mdomo wake kama hakichomi, anamlisha kwa upendo wote. Ukimwuliza mbona hampi nyama atakujibu, "Ameshapata supu, ndimo mlimo na nguvu." Anayoyasema amefundishwa na mama yake, naye na mama yake. Hakuna ubaya moyoni mwake hata chembe. Lakini kijikoni mwake mna maji, chumvi, mafuta kidogo na harufu ya nyama. Protini nyingi imebaki kwenye kipande. Madini ya chuma, yale ya kuongeza damu, yamebaki kwenye kipande. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, chakula hakipati nafasi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni huu wetu wa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Hapa ni kwenye mahindi, viazi, maharage na ng'ombe. Si nchi ya njaa. Sisemi supu ndiyo iliyowadumaza. Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji machafu, mama kuchoka shambani, kulishwa mara chache kwa siku. Lakini mkoa wenye chakula na watoto waliodumaa una jambo la kujiuliza kuhusu nani anapewa nini mezani, na mchuzi unaotolewa badala ya nyama ni sehemu ya swali hilo. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba mtoto wa kuanzia miezi sita apate chakula kinachotokana na wanyama kila siku, nyama, samaki au yai. Limetaja nyama. Halikutaja maji yake.

Mgonjwa naye tunamfanyia hivyo hivyo. Mzee ametoka kulazwa, misuli imekwisha, tunampelekea chupa ya chai iliyojaa supu iliyochujwa. Mzazi aliyepoteza damu anapewa supu ya kuongeza damu, na ini linaliwa na waliokuja kumpa hongera. Wapishi wa zamani walikuwa na busara kutuzidi. Mtori wa Wachaga, anaopewa mzazi, ni ndizi zilizopikwa na nyama yenye mifupa zikapondwa kwa mwiko. Ni chakula kizima, na nyama yake imo. Sisi tumeushika mchuzi tukaisahau nyama.

Yako pia madhara ya moja kwa moja. Mwenye jongo, anayeamka usiku kidole gumba cha mguu kikiwaka moto, huambiwa ni baridi ya viungo, anywe supu. Purini za nyama huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia, na mwilini zinageuka kuwa asidi ya yuriki, ile ile inayomtesa. Mwenye shinikizo la damu hunywa mabakuli mawili asubuhi, na kila bakuli ameliongezea chumvi, wakati kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakifiki gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai. Hawa wanazidisha ugonjwa kwa nia ya kuutibu.

Je, tuimwage supu? Hasha. Naipenda, na nyumbani kwangu inapikwa mpaka leo. Ninachodai ni irudishiwe heshima yake ya chakula. Ukiwa na mafua, supu ya moto hulegeza kamasi na kukurudishia maji. Ukiwa huna hamu ya kula, harufu yake huifungua. Makongoro yana kano na ngozi ambazo ni protini kweli, almradi uzitafune, na uziunge na maharage au dengu vinavyoliziba lile pengo la triptofani. Na kwa kaya isiyo na pesa nyingi, mifupa ya buchani ni njia ya kuupa ladha mlo wa mboga na nafaka. Huo ni msaada mkubwa, hauhitaji kutiwa chumvi ya uongo.

Kwa hiyo ipike nyumbani, na uipike hivi. Chagua makongoro yaliyobabuliwa vizuri, yakwangue, yaoshe kwa maji ya moto. Yafunike kwa maji baridi, yachemshe dakika kumi, mwaga maji hayo ya kwanza pamoja na povu. Tia maji mengine, tangawizi, kitunguu saumu na kipande cha limau, kisha punguza moto mpaka yawe yanachemka kwa kunong'ona. Saa nne hadi tano zinatosha. Utajua yameiva kano zikiachia mfupa ukivuta kwa uma. Ondoa mafuta yanayoelea. Gonga mfupa kwenye ubao uutoe uboho. Halafu fanya lile ambalo wengi hawafanyi: katakata kano na nyama, zirudishe sufuriani, ongeza maharage yaliyochemshwa, karoti na viazi, na mwishoni kabisa majani ya mchicha. Chumvi iwe ya mwisho na ya kuhesabu. Ndimu ikamuliwe kwenye bakuli, maana vitamini C huharibiwa na moto, na mwili hauwezi kutengeneza kolajeni yake bila vitamini hiyo. Inayobaki usiiache ilale jikoni ikiwa moto sufuriani kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, iweke kwenye friji, na siku ya pili ichemshe mpaka itokote. Kwa asiye na friji, pika ya kuisha siku hiyo hiyo.

Na mwenye mtoto mdogo atoe kipande laini cha nyama kabla hajampakulia mtu mwingine yeyote, akisage au akiponde kwa kijiko mpaka kiwe uji, ndipo achanganye na ugali na mchuzi kidogo wa kulainishia. Mchuzi umsaidie mtoto kumeza nyama. Usichukue nafasi yake.

Mama yangu leo ana miaka 66. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti kirefu cha mbao, ananyoosha mguu mmoja mbele, anauzuia hewani huku akihesabu mpaka kumi, anaushusha, anageukia wa pili. Alifundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba. Kisha anatembea mpaka kanisani na kurudi, na fimbo anayo kwa ajili ya mbwa tu. Goti halijawa la msichana, wala hakuna aliyemwahidi hivyo. Ngazi za baraza anazipanda bila kusimama. Jumamosi kongoro bado linachemka. Likiiva anaketi na mjukuu wake mapajani, anachomoa kano iliyolainika, anaivunjavunja kwa vidole vyake ndani ya kibakuli cha mtoto pamoja na maharage, na anamlisha. Kinachobaki sufuriani tunakunywa sisi wakubwa.